Siku moja maishani mwangu: kipanya kibovu, mgahawa mmoja na hoteli mbili

Saa 11:20 alfajiri

Nimeamka kabla ya simu kulia, nikapapasa ukuta wa kushoto kutafuta swichi ya taa. Haipo. Swichi ya kushoto ilikuwa ya hoteli ya juzi. Hii ni ya tatu wiki hii na mkono wangu bado haujahamia.

Kazi yangu ni kuchora ramani za majengo kwa kompyuta. Nasafiri kwenda kuona viwanja na majengo ya watu, napima, napiga picha, kisha nachora popote nilipolala. Leo nina mchoro wa ghorofa ya pili unaotakiwa kabla ya saa 12 jioni. Jana nilifika usiku, nikatua mkoba, nikalala na nguo za safari.

Nafungua laptopu, haiwaki. Betri imekwisha kabisa. Sababu naijua, maana si mara ya kwanza: sikukizima kipanya changu cha kompyuta, kile kisicho na waya. Humo mkobani, kila gari lilipopita kwenye shimo kipanya kilisogea, na kila kiliposogea laptopu ilidhani naiita, ikaamka. Jana nilipoishusha begani ilikuwa ya moto kama mtoto mwenye homa, nami kwa uchovu nikajifanya sijaona.

Chaja ukutani. Nangoja.

Saa 12 asubuhi

Sasa tuje kwenye meza. Chumba hiki ni kizuri, sisemi uongo. Kitanda kikubwa, mapazia mazito, bafuni taulo zimekunjwa kwa ufundi. Lakini meza ni ya kioo. Kioo kitupu, unaona miguu yako chini yake.

Kipanya cha siku hizi hakina mpira tumboni. Kina taa ndogo na kijicho, na kijicho hicho ni kamera. Kinapiga picha za meza, maelfu kwa sekunde moja, kila picha ina eneo dogo mno, kisha kinalinganisha hii na iliyotangulia: kile kidoa kilikuwa hapa, sasa kiko pale, basi mkono umeenda kulia kiasi hiki. Taa inamulika kwa mshazari ili kila kibonde na kila unyuzi utupe kivuli. Sasa kwenye kioo safi kuna kivuli gani? Mwanga unapita ukaenda zake. Kishale kwenye skrini kimesimama tu, nami nasugua meza kama naipiga deki.

Nikaanza kutafuta cha kutandika chini. Lile kabrasha la huduma za hoteli limewekewa plastiki inayong'aa. Kishale kikaanza kurukaruka kama chura. Jarida la kwenye droo, karatasi zake za kung'aa, afadhali kidogo ila kila nikipita juu ya picha nyeusi kinapotea. Taulo laini mno, kipanya kinazama. Mwisho nikachomoa karatasi nyeupe ya kawaida kwenye daftari langu la vipimo. Hapo kikatulia. Karatasi unaiona nyororo kwa macho, lakini kwa kijicho kile ni msitu wa nyuzi.

Ndiyo maana nyota za hoteli zimeacha kunisisimua. Nyota hazihesabu meza.

Saa 1:15

Kifungua kinywa. Nimekunywa chai wima nikarudi. La kusimulia ni moja tu: chumba hiki hakina umeme bila kadi kwenye kile kitundu cha mlangoni, na kadi hiyo hiyo ndiyo ufunguo, kwa hiyo ukitoka nayo kila kitu kinazima, chaja ikiwemo. Vitundu hivyo viko vya aina mbili. Vingine vinasoma kadi yenyewe na huvidanganyi. Vingine ni swichi tu, vinakubali kadi yoyote ngumu. Natembea na kadi ya maktaba iliyokwisha muda wake kwa kazi hiyo tu. Leo imekubali.

Saa 2 asubuhi

Nimechora kuta nne za ushoroba, kisha ugonjwa ukaanza.

Nabofya mstari mara moja, laptopu inapokea mara mbili. Naburuta ukuta kuusogeza, katikati ya safari unaachiliwa wenyewe, unaangukia juu ya ngazi. Natengua. Naburuta tena. Unaanguka mlangoni. Mara ya kwanza unajilaumu mwenyewe, kidole kimechoka. Mara ya sita unajua ni kipanya.

Chini ya kitufe cha kushoto kuna swichi ndogo kuliko punje ya mahindi, na ndani yake kuna kipande chembamba cha chuma kinachonesa. Ukibonyeza kinagusa, ukiachia kinaruka, na mlio wa "tik" ndiyo sauti yake. Watengenezaji huandika kwamba swichi itastahimili mamilioni ya mibofyo, na unaona ni umri wa Methusela mpaka ukumbuke kwamba mchoraji anabofya maelfu kwa siku. Chuma kikichoka au kikishika kutu kidogo, hakigusi mara moja kikatulia. Kinadundadunda. Kila mdundo laptopu inahesabu.

Nimepuliza. Nimegongagonga. Kupuliza kifaa kibovu ni ibada yetu sote, hata sisi tunaojua hakusaidii. Kukifungua nako siwezi, kwani skrubu zimefichwa chini ya vile vibandiko vya miguuni, na bisibisi yangu iko nyumbani kwenye droo ya jikoni.

Mtu atauliza, kwa nini usitumie kile kibao cha kugusia kwa vidole? Nimetumia. Kwa barua pepe kinatosha. Kwa kuchora, gurudumu la katikati ndilo mguu wangu wa pili: nikilizungusha naikaribia ramani au naiondokea, nikilikandamiza naitelezesha nzima. Kuchora kwa kibao kile ni kama kushona kifungo ukiwa umevaa glovu.

Saa 5 kamili

Muda wa kuachia chumba. Niliomba nusu saa, nikapewa tabasamu. Nikashuka ukumbini na mkoba, nikakaa kwenye kochi kumpelekea mwenzangu faili la picha za kiwanja alilokuwa akilisubiri. Limefika asilimia 80, intaneti ikakatika. Kumbe mtandao wa wageni unafuata jina na namba ya chumba: mapokezi wakikutoa kwenye daftari lao, na mtandao unakutoa. Nimekaa futi tatu kutoka mapokezi na si mgeni wa mtu tena.

Saa 5:40

Mgahawa. Kuchagua kiti mgahawani ni kazi yenye kanuni zake. Kwanza naangalia ukuta wenye soketi, kisha meza, kisha dirisha liko upande gani ili jua lisinipige kwenye skrini. Mwisho kabisa naangalia kinachouzwa. Meza ya kwanza ni ya duara na inayumba. Ukibofya, kikombe nacho kinabofya. Ya pili ni ya mawe yaliyong'arishwa, najua yatanifanyaje. Ya tatu ni ya mbao, iko karibu na mlango wa jikoni, kelele tupu. Nikakaa hapo.

Na nina sheria zangu. Kila saa moja na nusu naagiza kitu kingine. Mchana watu wakijaa siking'ang'anii meza ya watu wanne. Simu nasikilizia nje. Kukalia kikombe kimoja kwa muda wa saa tano ni wizi wa heshima, ila ni wizi.

Nikatoa karatasi yangu, nikatandika. Kipanya kikaanza ugonjwa mpya: kinakwama, kinaruka, kinakwama. Hili silo la kitufe. Nikatazama ubavuni mwa laptopu: kipokezi cha kipanya, kile kidude cha ukubwa wa ukucha, nimekichomeka sambamba na diski ya nje. Kosa la kizembe. Kipanya changu kinazungumza kwa masafa ya gigahezi 2.4, na tundu la USB 3, lile la kasi nililochomekea diski, likifanya kazi hutoa kelele za redio zinazoangukia humo humo. Intel wenyewe walitoa waraka kulieleza mwaka 2012. Ongeza na Wi-Fi ya mgahawa mzima, ambayo nayo sehemu yake iko kwenye 2.4, basi ni kama kunong'ona ndani ya ngoma. Nimekihamishia kipokezi upande wa pili, kikatulia.

Imebaki ile mibofyo miwili. Hapo ndipo nilipopata wazo ambalo ningelipata saa tatu mapema kama ningekunywa ile chai nimekaa. Kitufe cha kushoto kimechakaa, lakini cha kulia? Cha kulia kimefanya kazi sehemu ndogo tu ya ile ya mwenzake. Nikaingia kwenye mipangilio, nikachagua kipanya cha mtu wa mashoto, vitufe vikabadilishana kazi. Sasa kulia ndiyo kubofya, kushoto ndiyo kufungua menyu.

Dakika kumi za kwanza nilikuwa kama mtu aliyevaa viatu mguu si wake. Kila nikitaka kushika ukuta, menyu inaniporomokea usoni. Dakika ya ishirini kidole cha kati kikakubali cheo kipya. Saa nzima ikipita, nilikuwa nimemaliza vyumba vyote vya upande wa mashariki.

Saa 7:30 mchana

Kijana anayehudumia amekuja kuchukua kikombe, akakitazama kipanya juu ya karatasi.

"Dada, hivi nani alikiita panya?"

Nikamwambia hata aliyekibuni hakujua. Douglas Engelbart, Mmarekani, alikibuni miaka ya mwanzo ya sitini, na mwenzake Bill English akakitengeneza cha kwanza mwaka 1964: kisanduku cha mbao chenye kitufe kimoja, chini magurudumu mawili ya chuma, moja la kwenda kulia na kushoto, jingine la mbele na nyuma. Waya ulitokea nyuma, upande wa kiganja, kama mkia. Walikionyesha hadharani San Francisco tarehe 9 Desemba 1968, na baadaye Engelbart alipoulizwa jina lilitoka kwa nani, alisema hakuna anayekumbuka.

"Alitajirika?"

Kwa kipanya, hapana. Hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki ubunifu, ilitoka 1970, ikawa mali ya taasisi aliyofanyia kazi, na muda wake ukaisha kabla vipanya havijajaa duniani.

Akatikisa kichwa. "Kwa hiyo mkia ulikatwa, jina likabaki." Akaondoka na kikombe kabla sijakubali kwamba amesema vizuri kuliko mimi. Nikaagiza kingine, saa moja na nusu ilikuwa imetimia.

Saa 9 alasiri

Hoteli ya pili. Ndogo, ngazi nyembamba, lifti hakuna. Kwenye picha za mtandaoni chumba kilionekana kikubwa. Mpiga picha alisimama bafuni, nimepaona alipokanyaga. Godoro limebonyea katikati. Bomba linadondosha tone moja kila baada ya muda, sawasawa kama saa.

Lakini meza!

Meza ni ya mbao ya zamani, isiyo na vanishi. Ina duara tatu za vikombe, alama ya pasi kwenye kona, na mkwaruzo mrefu unaoanzia ukutani ukaishia mahali ambapo mtu, nadhani, alikata kamba kwa kisu. Nikaweka kipanya bila karatasi. Kishale kikateleza kutoka kona hadi kona bila kusita hata mara moja. Kila kovu la meza hii kijicho kinalisoma.

Nikavuta kiti. Kiti nacho kinalia, lakini kwa meza hii nimekisamehe.

Saa 11:35 jioni

Nimemaliza ngazi, nimeandika vipimo, nimetuma. Ukurasa wa kuingilia mtandao ulikataa kujitokeza kwanza, ikabidi nifungue tovuti moja ya zamani isiyo na ile alama ya kufuli ya usalama ndipo ukajileta. Faili limefika zikiwa zimebaki dakika kumi na nne. Mteja amejibu neno moja: "Imefika." Kisha la pili: "Kesho njoo nayo kwenye karatasi."

Saa 2 usiku

Nikashuka kuchapisha. Chini kuna kompyuta ya wageni kwenye kona, na kipanya chake kina waya, na waya umefungwa kwenye mguu wa meza kwa kamba ya plastiki kama mbuzi aliyeachwa malishoni. Urefu uliobaki ni shubiri mbili. Kijana wa mapokezi, mpole, ananiangalia kwa mbali.

Nikachomeka diski, nikapeleka kishale kwenye faili, nikabofya. Menyu ikafunguka. Nikaifunga, nikabofya tena. Menyu. Kidole changu cha kati, kilichofundishwa mchana kutwa, hakikutaka kusikia. Mara ya nne kijana akaja, akasimama kando yangu kwa adabu, mikono nyuma.

"Samahani mama," akasema taratibu, akainama kidogo akanionyesha kwa kidole. "Hiki cha kushoto ndicho cha kubonyezea. Cha kulia usikiguse."

Nikamwambia asante, baba.