Kwani uliupasua moyo wake?

Assalaamu alaykum ndugu zangu.

Wiki hii nimechoshwa na swali moja. Barazani, kwenye simu, hata mlangoni pa msikiti huku navaa viatu: "Sheikh, mbona kijana yule, imamu akitoa salamu tu, yuaondoka mbio, hata uradi hakai? Ana lake yule."

Mwaka 1944 huko Marekani, Fritz Heider na Marianne Simmel waliwaonyesha watu filamu fupi ya pembetatu mbili na duara dogo, zikizungukazunguka kisanduku chenye mlango. Maumbo matupu, hayana uso wala roho. Walipoulizwa wameona nini, karibu wote walisimulia kisa cha watu: huyu mkubwa mkorofi, anawafukuza wenzake, yule mdogo anaogopa. Ndivyo tulivyoumbwa. Ubongo ukiona kinachokwenda hukitafutia nia hapo hapo, kabla hujaamua. Na ni neema, maana bila hiyo usingejua kama tuktuk iliyo mbele yako pale Mwembe Tayari inasimama au inakata kona.

Basi dhana ikikupitia, huna kesi. Mtume (s.a.w.) ametueleza kwamba Mwenyezi Mungu ameusamehe umma wake yanayopita nafsini, maadamu hawajayatenda wala kuyasema. Hapo kwenye kusema ndipo tunapoangamia! Macho yako yameona kijana akitoka haraka, basi. Hilo "ana lake" hukuliona popote, umelitia wewe. Ukilishusha barazani pamoja na kahawa na kashata, likamfikia mamake kabla ya Isha, usiusingizie ubongo. "Jiepusheni sana na dhana, kwani baadhi ya dhana ni dhambi," na aya hiyo hiyo ya Hujurat ikaendelea kukataza kupelelezana, kisha kusengenyana. Tazameni mpangilio wake, ndio mwendo wetu wenyewe.

Usama bin Zayd alimuua vitani mtu aliyekwisha kutamka La ilaha illa Llah, akajitetea kuwa yule aliogopa silaha tu. Mtume akamuuliza, "Kwani uliupasua moyo wake?" Akamkariria hata Usama akatamani lau yeye mwenyewe ndiyo kwanza angesilimu siku ile, afutiwe kosa hilo. Huyo ni Usama, kipenzi cha Mtume. Sisi je, wa kahawa?

Wengine mwataka niende nikamhoji. Siendi. Anayemtakia heri na amfuate, amsalimie, amuulize hali. Wa kumhesabia hatua, asinipigie simu tena.