Sura Tisa za Majina

Ijumaa ya tarehe 17 Mei 2013 jumuiya yetu ilikuwa na deni la sura 98 za Biblia. Nalikumbuka deni hilo kwa hesabu yake kamili kwa sababu katibu nilikuwa mimi, na kauntabuku la usomaji lilikaa kwangu. Nilikuwa kijana wa miaka 23, na ile ndiyo kazi ya kwanza wazee wa kanisa kunikabidhi.

Ahadi tuliiweka mwezi wa kwanza: Biblia nzima, Mwanzo mpaka Ufunuo, kabla mwaka haujaisha. Mwinjilisti wetu alipiga hesabu ubaoni, tukaona inawezekana. Biblia ina sura 1,189. Ukisoma sura 3 kila siku, na Jumapili ukasoma 5, unapata 23 kwa wiki, na wiki 52 zinatosha. Kisha akatukumbusha tulikotoka sisi Wamoraviani: mwaka 1727, huko Herrnhut, Ujerumani, watu waligawana saa za mchana na za usiku wakaanza maombi ya kupokezana yaliyodumu zaidi ya miaka 100. Kwetu habari hiyo haisikiki kama ya mbali. Wamisionari wa kanisa hilo ndio waliofika Rungwe mwaka 1891, na mlima waliouona wao ndio huu tunaoamka nao kila siku. Watu 26 wakaandikisha majina.

Mwanzo na Kutoka tulikwenda kwa kasi. Watu walikuwa wakisimamishana njiani kuulizana Yusufu amefikia wapi, kama vile ni jirani aliyesafiri. Mambo ya Walawi ikatupunguza. Halafu ikaja Pasaka, zikaja mvua za Aprili, na kwetu mvua zikikolea ndipo chai inapochipua hasa. Mtu anarudi kutoka kuchuma jioni vidole vimekufa ganzi, akifungua Biblia macho yanafunga. Sikuwahi kumlaumu mtu kwa hilo. Ila kufikia Mei tulikuwa tumebaki 11, na ndio kwanza tumemaliza 2 Wafalme, sura ya 338, wakati mwisho wa wiki ya 19 ulitutaka tuwe tumeifunga Esta.

“Jumapili ni Pentekoste,” Mwinjilisti akasema. “Ijumaa tukeshe, tulipe deni.”

Tulikesha nyumbani kwa Baba Atupele, juu kidogo ya Katumba. Mvua ilikuwa inapiga mabati tangu jioni, ile mvua ya Tukuyu isiyo na haraka. Sebule yao ni ndogo, tukabanana kwenye viti, kwenye mkeka na kwenye kitanda cha kamba kilicholetwa kutoka chumbani, kila mtu na blanketi lake au kitenge begani. Mama Atupele alikuwa ameshapika ndizi kwa maharage na kujaza chupa tatu za chai ya maziwa. Tulikubaliana wote tusome Union Version, ile ya mwaka 1952, maana wiki za nyuma mmoja wetu alikuwa na tafsiri ya Habari Njema, na kila akisoma wengine tulikuwa tunapotea mstari. Sura moja kwa mtu, zamu inazunguka kwa mkono wa kulia. Saa tatu usiku tukaomba, tukafungua.

Sasa, deni lenyewe lilikuwa linaanza na Mambo ya Nyakati cha Kwanza. Aliyewahi kukisoma anajua. “Adamu, Sethi, Enoshi,” kisha majina, na majina, na majina, sura tisa nzima, nyingine ndefu kweli kweli, na hakuna anayefanya lolote zaidi ya kuzaa na kuzaliwa. Kitabu kinapata miguu sura ya 10, Sauli anapokufa vitani.

Nilikuwa nimeliwaza jambo hilo tangu mchana. Nikanyoosha mkono.

“Mwinjilisti, naomba kutoa wazo. Sura hizi tisa ni majina tu. Tukianzia ya kumi tunaokoa karibu saa nzima, na watu wana uchovu.”

Wawili watatu wakaitikia kwamba katibu kasema kweli. Mwinjilisti mwenyewe akawa kama anapima. Ndipo Baba Atupele, mzee asiyezoea kusema kwenye vikao, akaniuliza kwa upole:

“Katibu, mwezi wa kwanza tuliandika nini humo?”

Nikafungua ukurasa wa kwanza, nikamsomea: Biblia nzima, sura 1,189.

“Basi,” akasema.

Tukaanza kwa Adamu.

Nisiseme uongo, sura za mwanzo zilikuwa ngumu. Ulimi unajikwaa, msomaji anarudia jina mara tatu, wengine wanamsaidia kwa minong’ono. Sura ya nne ilituamsha kidogo kwa sababu ya Yabesi na ombi lake, ambalo karibu kila Mkristo wa kwetu analijua hata kama hajui limetoka kitabu gani. Kisha majina yakarudi. Sura ya saba ikamwangukia Atupele, binti wa nyumba ile, aliyekuwa na miaka 14. Alisoma vizuri kuliko sisi wakubwa, sauti yake imenyooka, kidole kikitembea chini ya mstari. Isakari na wanawe. Benyamini na wanawe. Naftali, mstari mmoja tu. Manase. Efraimu.

Pale kwenye Efraimu orodha inasimama. Wanawe wanauawa na watu wa Gathi, kwa kuwa walishuka kwenda kuwachukulia ng’ombe zao. Baba yao anaomboleza siku nyingi, ndugu zake wanakuja kumfariji. Kisha anamwendea mkewe, anapata mtoto mwingine, na mtoto huyo anamwita Beria, kwa sababu nyumba yake ilikuwa imepatwa na mabaya. Mistari mitatu, minne hivi. Atupele alikuwa ameshaanza kusonga mbele.

“Rudia hapo, mwanangu,” baba yake akasema.

Akarudia. Safari hii aliposoma “Efraimu” sauti yake ilipungua, nadhani alikuwa amekwisha kuelewa.

Niliyokuwa nayajua kuhusu nyumba ile niliyajua kama kila mtu wa kijiji alivyoyajua, kwa juu juu. Baba Atupele alikuwa na wana wawili wakubwa. Mwaka 1998 walishuka Kyela kufuata mchele (huku kwetu hakuna mtu anayekwenda Kyela, tunashuka Kyela) na lori walilopanda wakati wa kurudi likaacha barabara. Walizikwa siku moja. Atupele akazaliwa mwaka uliofuata. Nilikuwa mtoto wa shule, nakumbuka turubai, nakumbuka watu wengi na moto wa usiku. Baada ya hapo sikuwahi kumsikia mzee yule akiwataja wanawe, si kanisani wala barabarani, na sisi tukamwita Baba Atupele kana kwamba binti ndiye mtoto wake wa kwanza.

Sebuleni kimya, mvua tu. Hakuna aliyejua kama tuendelee au tuombe. Mama Atupele alikuwa amekaa karibu na mlango na chupa ya chai mapajani.

“Hata sisi,” akasema, “ilibaki kidogo tumpe jina la namna hiyo. Ndugu zake baba walikuja kukaa na sisi. Kaka mkubwa wa baba ndiye aliyekataa. Akasema huyu ni Atupele.”

Mnyakyusa haelezwi maana yake: ametupa, yaani Mungu ametupa.

Baba Atupele alikuwa anatazama Biblia yake, hakulia. Akauliza, kama mtu anayeuliza njia, “Ilikuwapo humu siku zote?” Mwinjilisti akajibu, “Ilikuwapo, baba.” Mzee akaitika kwa kichwa. Mimi nilikuwa nimeinama juu ya kauntabuku, sina pa kuuweka uso wangu. Binti akamalizia sura yake. Mstari unaofuata unamtaja binti, Sheera, aliyejenga Beth-horoni ya chini na ya juu, na mama mmoja mwalimu wa shule ya msingi akasema kwa sauti, “Kumbe na mwanamke alijenga miji,” na hapo watu wakaweza kupumua.

Yaliyofuata nitayapita upesi. Daudi na Sulemani tulikuwa tumeshawasoma kwenye Samweli na Wafalme, ikawa kama kupita njia uliyoizoea kwa kutokea upande wa pili. Saa tano umeme ukakatika, tukawasha kandili na tochi za simu. Kwenye wafalme wa Yuda kuna saa nilisinzia, nikazinduka kwa kiwiko cha jirani, zamu imenifikia. Chai iliisha saa nane, ikapikwa nyingine.

Tulipofika Ezra sura ya pili, tukakuta tena orodha: waliorudi kutoka utumwani Babeli, ukoo kwa ukoo, mji kwa mji. Wakafikia watu 42,360, na baada ya watu wakahesabiwa wanyama wao, farasi 736, nyumbu 245, ngamia 435, punda 6,720. Ilikuwa saa ya usingizi mzito kuliko zote. Hakuna aliyenyoosha mkono. Kijana aliyekuwa na zamu aliisoma polepole, na jina likimshinda alirudi akaliweka sawa kwanza kabla ya kuendelea. Orodha ileile inarudi karibu yote kwenye Nehemia sura ya saba, na pale pia tuliisoma yote.

Kisha Nehemia 8. Watu wamekusanyika uwanjani, Ezra anapanda juu ya mimbari ya mti, anasoma torati tangu mapambazuko hata adhuhuri, na anapokifunua kitabu watu wote wanasimama. Ilikuwa yapata saa kumi na nusu. Mwinjilisti ndiye aliyekuwa anasoma, na alipofika hapo yeye mwenyewe akasimama na kandili mkononi. Sote tukasimama, na mablanketi yetu, mama mmoja akimshika mwenzake mwenye magoti mabovu. Tuliisikiliza sura ile wima mpaka mwisho. Watu wale wanalia wanaposikia yaliyosomwa, na wanaambiwa wasihuzunike, waende wakale, na wampelekee sehemu asiyeandaliwa kitu. Nimehudhuria ibada nyingi tangu wakati huo, na za watu wengi kuliko 11. Ile naiweka ya kwanza.

Esta tuliimaliza kukiwa kunakaribia kupambazuka, kitabu ambacho jina la Mungu halitajwi humo hata mara moja, na Mwinjilisti akafunga kwa maombi mafupi. Nikaandika kwenye kauntabuku: Esta 10, sura ya 436, wiki ya 19. Deni limekwisha. Akina mama wawili wakaondoka palepale na mabuti yao ya mvua kuwahi shambani. “Ndaga fijo,” asante sana, wakawa wanasema mlangoni, na Mama Atupele akimfungia kila mmoja ndizi zilizobaki.

Nilikuwa nafunga begi Baba Atupele aliponigusa bega.

“Njoo na daftari lako.”

Nikamfuata nyuma ya nyumba. Mvua ilikuwa imekatika, majani ya migomba yanadondosha maji, na ukungu ulikuwa bado umeufunika mlima. Katikati ya migomba kuna makaburi mawili ya saruji, yamepangana, nyasi zimekatwa vizuri. Nilipita njia ya jirani na shamba lile miaka yote ya utoto wangu na sikuwahi kusogea mpaka pale.

“Nisamehe baba,” nikasema, “kwa lile wazo la jana.”

“Hukujua,” akasema. “Hata mimi nilitaka tusome tu kwa sababu tuliahidi.” Akasimama kidogo. “Umeandika tulipofika?”

“Nimeandika, baba.”

“Andika na hawa.”

Akanitajia jina la mkubwa, kisha la mdogo, taratibu, akisubiri nimalize kila moja, na la pili akataka nimsomee aone kama nimeliandika sawasawa. Nikamsomea. Karatasi ilikuwa imelowa matone ya migomba na wino umetawanyika kidogo pembeni, lakini majina yanasomeka mpaka leo, chini ya Esta.