Dogo anataka kudungua ndege

Uyole, Mbeya, Jumamosi usiku

"Kaka, ndege gani ina bunduki nyingi kuliko zote?"

Dogo wa mama mwenye nyumba hajasalimia wala hajakaa, kauliza. Kamaliza kidato cha sita mwezi uliopita, anasubiri matokeo, na baridi hii ya Juni haimpi nafasi ya kuzurura, kwa hiyo jioni zake nyingi anazimalizia kwangu, kanisimamia begani ananitazama nikirusha ndege za Vita vya Pili vya Dunia kwenye gemu la kompyuta. Leo kasema kutazama kumetosha. Anataka naye aingie mtandaoni apigane na watu.

Nimemjibu kwamba P-47 ya Wamarekani ilikuwa na bunduki nane, na kwa sasa hata moja haitamsaidia. Hakulipenda jibu. Kisha mama yake akaita chakula, akaondoka, nami nikabaki na maneno mdomoni. Acha niyaandike hapa, maana ana hakika ya kurudi kesho.

Gemu la kuanzia ni War Thunder, hilo sina ubishi nalo. Ni la bure na kompyuta ya kawaida inalimudu. DCS World nayo unaanza bure na ndege mbili, Su-25T ya Warusi na TF-51D, ile Mustang isiyo na silaha, lakini faili zake zinakula makumi ya gigabaiti. Kwa bando la mwanafunzi huo ni mshahara wa mtu. IL-2 ndiyo ninayoipenda mimi, ila inauzwa, na sioni sababu ya dogo kununua kitu kabla hajajua kama anakipenda. Ndani ya War Thunder kuna ngazi tatu. Ya kwanza, Arcade, inakuwekea alama ya mahali pa kulenga na inasamehe kila ujinga. Aiguse tu ajue vitufe viko wapi, kisha ahame. Ukizoea kusamehewa pale, ngazi ya pili inakuwa chungu bila sababu.

Joystiki, kile kijiti cha kurushia ndege, asinunue kwanza. Mausi inatosha kabisa kwenye ngazi hizo mbili. Siku akinunua, atafute ile ambayo kijiti chake kinazunguka kulia na kushoto, maana ndicho kitakachokuwa pedali zake za mkia. Yangu ni ya mtumba, imekuja na basi kutoka Dar ikiwa imefungwa kwenye gazeti, na bado inapiga kazi. Kuna pia programu ya bure iitwayo opentrack inayotumia kamera ya kompyuta kufuata kichwa chako: ukigeuza shingo kidogo, rubani wako naye anageuza. Hiyo ningeitanguliza kabla ya joystiki ya bei mbaya.

Halafu kuna mambo ya kwetu ambayo hayamo kwenye video za Wazungu. Seva nyingi tunazochezea ziko Ulaya. Unachobonyeza hapa Uyole kinateremka Dar, kinazama baharini, kinakwenda kinarudi, na wakati huo adui unayemwona kwenye kioo hayuko hasa pale unapomwona. Kwa hiyo usimkalie mtu mkiani ukamgusa kabisa, utamgonga huku unaapa kwamba alikuwa mbali. Na umeme ukikatika katikati ya pambano hakuna wa kumlaumu. Kwa hiyo laptop yenye betri nzima, hata ikiwa dhaifu kidogo, ni bora kuliko mashine kubwa ya mezani isiyo na akiba ya umeme.

Sasa hili la bunduki. Kila anayeanza anadhani mchezo ni wa kulenga. Mimi nasema ni wa kimo. Mwenye kimo anaamua pambano lianze lini na liishe lini, aliye chini anapokea tu. Anayeijua Kitonga atanielewa: lori linalopanda kuja Iringa linanguruma kwa gia ndogo na halina la kuamua, wakati linaloteremka kuelekea Ruaha Mbuyuni lina kasi ambayo halikuilipia mafuta. Ndege ni hivyo hivyo. Kimo unakigeuza kuwa kasi kwa kuinamisha pua, na kasi unairudisha kuwa kimo kwa kuinua pua, ila kila ukikata kona kali unapoteza sehemu ambayo hairudi isipokuwa kwa injini, tena polepole. Dogo akiingia, najua atakachofanya: ataruka, atamwona mtu wa kwanza, atamwelekea huku bado yuko chini kama anakwenda kumsalimia. Ninachotaka afanye ni kuwageuzia mgongo wote, apande kuelekea upande wa uwanja wake kwa dakika kadhaa, afike mita 4,000 hivi, ndipo arudi. Watu watakuwa wameshaanza kupigana chini. Waache. Chagua mmoja ambaye hajatazama juu.

Ndiyo maana swali la ndege gani linajibika kwa kuuliza inapenda kimo gani. Mbeya tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mwenye pikipiki ya kabureta iliyosetiwa Dar anajua hewa ya huku inaifanyaje. Injini za ndege zile zilikuwa na tabu hiyohiyo kwa ukubwa zaidi. P-47 ilibeba turbo kubwa ya kusukuma hewa, kwa hiyo mita 8,000 ilikuwa hai wakati wengine wanapumua kwa shida. Iteremshe chini iwe inazungushana na Yak ya Warusi, imekwisha, maana Yak zilitengenezwa kwa vita vya karibu na ardhi. Bunduki nane kwenye kimo kibaya ni uzito tu. (Nikigusia mambo ya hewa ya huku, watu husahau kwamba mwaka 1932 Imperial Airways ilipofungua njia ya Uingereza hadi Cape Town, Mbeya ilikuwa moja ya vituo. Huwa nawaza marubani wale walivyozunguka milima hii na injini za enzi hizo, Songwe penye uwanja wa sasa pakiwa bado ni pori.)

Dogo kashaniambia akikosa bunduki nane atachukua Spitfire ya Waingereza kwa sababu ni nzuri. Ni nzuri kweli, nami nisingemkataza. Ila zile za mwanzo zina jambo lake. Ukisukuma pua chini ghafla, mafuta kwenye kabureta yanarushwa juu na injini inakohoa, wakati mwingine inazima kwa muda. Mjerumani kwenye Messerschmitt 109 alikuwa na pampu inayonyunyizia mafuta moja kwa moja kwenye silinda, kwa hiyo alisukuma pua chini akaenda zake. Rubani wa Spitfire ilibidi aigeuze ndege chali kwanza ndipo avute kumfuata. Mwaka 1941 mhandisi mmoja mwanamke, Beatrice Shilling, alipunguza tatizo hilo kwa kipande kidogo cha chuma chenye tundu, kiasi cha kufunikwa na kidole, kilichobana mafuta yasifurike. Gemu zinazojali mambo haya zimeliweka, na dogo akisikia injini inakohoa aijue sababu asije akadhani kompyuta yangu imeharibika.

Kona nazo. Ukiilaza ndege digrii 60 na bado unataka kushika kimo, mabawa yanabeba uzito mara mbili, na ile kasi ya chini ambayo bawa halibebi tena inapanda kwa asilimia 41. Yaani ndege iliyokuwa salama kwenye kilomita 150 kwa saa sasa inaanguka kwenye 210. Huhitaji kukariri. Sikiliza: kabla haijaachia, ndege inatetemeka na sauti ya upepo inabadilika, kama ina kitu inataka kukuambia. Hapo mkono ulegee kidogo tu, mtetemo ukome, endelea. Wanaoanza hufanya kinyume, adui anawatoroka nao wanavuta kwa nguvu zaidi, bawa moja linaachia kabla ya lingine, wanazunguka mpaka chini. Na kama aliye mbele yako ni Zero ya Wajapani, usizunguke naye hata kidogo. Ile ilikuwa nyepesi isiyo na kinga ya chuma nyuma ya rubani, inakata kona kama haina haya. Ila ikikimbia sana usukani wake unakuwa mzito, kwa hiyo mteremkie kwa kasi, piga, pita.

Kulenga nimekuacha mwisho kwa makusudi, na nitakupa hesabu badala ya ushauri. Risasi inatoka kwa mita 850 hivi kwa sekunde na inapungua njiani. Adui akiwa mita 300 inamchukua kama sehemu nne za kumi za sekunde kumfikia. Kama anakata mbele yako kwa kilomita 500 kwa saa, ndani ya muda huo amesogea kama mita 55. Spitfire ina urefu wa mita tisa. Maana yake inabidi upige hewani, urefu wa ndege sita mbele yake, mahali ambapo hakuna kitu. Ndiyo sababu dogo atamaliza risasi zote akiwa amemlenga mtu katikati ya mwili na hatamgusa. Dawa si kuwa na jicho la ajabu. Ni kukaribia mpaka mita 200 au chini yake, na kumjia kutoka nyuma ili asiwe anakata mbele yako. Bunduki za kwenye mabawa zimeelekezwa zikutane mbele. Gemu linakuruhusu kuchagua wapi, nami naweka karibu mita 250.

Na baada ya kupiga, ondoka. Hapa ndipo wote wanaponishinda kuwaelewesha. Umemteremkia mtu, umempiga au umemkosa, kasi bado unayo: panda nayo, nenda mbali, tazama nyuma, ndipo uamue kama unarudi. Erich Hartmann, Mjerumani mwenye ushindi mwingi kuliko rubani yeyote katika historia, 352, hakuwa fundi wa kuzungushana na watu. (Alikuwa upande wa Hitler, sina haja ya kumsifu, nazungumzia urukaji.) Utaratibu wake ulikuwa kuona, kuamua, kupiga, kuondoka, na kama kitu hakijakaa sawa hashambulii kabisa. Dogo akimkosa mtu atataka kugeuka hapohapo kummalizia, na ndipo wa tatu, ambaye hakumwona, atakapommaliza yeye. Kwa hiyo kabla ya kila uamuzi shingo igeuke, nyuma kushoto, nyuma kulia, juu upande wa jua. Mimi huwa nageuka hata nikiwa peke yangu angani, mpaka mama mwenye nyumba siku moja kaingia kuleta ndizi akanikuta nimevaa hedifoni nageuza kichwa huku na huku. "Mwanangu, unaumwa shingo?" Nikamwambia shikamoo mama, hapana, nawatazama maadui. Akaweka sahani akaondoka bila neno.

Kuruka wawili ni raha nyingine. Mmarekani aitwaye John Thach alibuni namna ya kumsumbua Zero ambaye ndege yako haimwezi: wawili mnaruka sambamba mkiachana, mmoja akivamiwa mnageukiana mpishane, na anayemfuata mwenzako anajikuta uso kwa uso na wewe. Waliitumia kwenye pambano la Midway mwaka 1942. Inahitaji maneno machache na ya mapema. Sisi tunasema "nyuma kulia, juu" na basi. Hayo mambo ya kutaja upande kwa namba za saa ya ukutani tumewaachia wenyewe. Ila kugongana ndiyo hatari yenyewe. Oswald Boelcke, Mjerumani aliyeandika kanuni za kwanza za kupigana angani mwaka 1916, ya kwanza ikiwa kupata faida kabla ya kushambulia na kuwa na jua nyuma yako, alikufa Oktoba mwaka huohuo baada ya kugusana na ndege ya mwenzake wakimfukuza adui mmoja.

Hilo nilimdokezea dogo leo mlangoni, kwamba akiruka nami abaki mbali, mita 200 ubavuni. Kasema, "Sawa kaka, ila na wewe usikate kona bila kusema." Haki yake. Kesho tutaanza na kuruka tu na kutua, bila adui, na Spitfire hiyohiyo aipendayo. Pua itamvuta kushoto akiongeza moto, tutaona mguu wa kulia, yaani kukizungusha kijiti kulia, utafika wapi. Nimemwambia aje na hedifoni zake, zangu sikio la kushoto limekufa.