Daftari la gramu 65: wiki ya 6 hadi ya 13

Wiki ya 6

Nimerudi kazini Kariakoo Jumatatu, wiki ya sita tangu upasuaji wa tumbo. Kufika saa nne nimeshaulizwa "umepungua kilo ngapi?" na watu wasiopungua kumi, akiwemo muuza kahawa. Kilo 14, nimewajibu, na nimechoka kujibu. Daftari hili halina ukurasa wa kilo. Kilo zinashuka zenyewe hata nikilala. Kinachonitoa jasho ni gramu za protini.

Kwa ambao hawakusoma nilipoanzia: mwishoni mwa Novemba nilifanyiwa upasuaji wa matundu madogo, nikaondolewa zaidi ya robo tatu ya tumbo la chakula. Lililobaki ni bomba jembamba, mfano wa ndizi. Mtaalamu wa lishe akaniandikia: protini gramu 60 hadi 80 kwa siku (tukakubaliana nianze na 65), maji lita moja na nusu au zaidi, vidonge kila siku ya maisha yangu. Protini ikipungua, mwili unajitafutia kwenye misuli yangu mwenyewe, na wembamba wa namna hiyo siutaki.

Hesabu ndogo, utasema. Mtu mzima anakosaje gramu 65? Anakosa. Mlo wangu mmoja ni kikombe cha kahawa, kile kidogo kisicho na mkono. Kikijaa nimeshiba, nikiongeza kijiko kifua kinabana. Na njaa sina, maana sehemu iliyokatwa ndiyo ilikuwa ikitoa kwa wingi ile homoni ya njaa, ghrelini. Nakula kwa saa, kama mtu anayemeza dawa.

Gramu za wiki hii, siku kwa siku: 38, 41, 35, 44, 40, 29 (Jumamosi, msibani), 42.

Mchawi nimemjua: uji wa lishe. Nilikuwa naanza nao asubuhi nikijiona mjanja, kumbe kikombe kizima kinanipa gramu mbili tatu na kinaziba nafasi mpaka saa nne. Uji nimeufukuza. Asubuhi ni yai moja la kuvuruga, gramu 6, nalila polepole dakika ishirini huku Baba Nuru ameshamaliza chapati mbili na anatafuta funguo.

Wiki ya 7

Maji. Hakuna aliyenitayarisha kwa maji.

Kupiga mafunda makubwa siwezi tena, yanauma yakishuka. Na nikishakula sinywi mpaka nusu saa ipite. Sasa piga hesabu: milo mitano, kila mmoja dakika ishirini, kila mmoja nusu saa ya kusubiri. Siku imeliwa. Kinachobaki ndicho cha kuingiza lita moja na nusu, funda kwa funda, na joto la Januari la Dar wote tunalijua.

Nimenunua chupa tatu za nusu lita. Ya kwanza inaisha kabla sijatoka nyumbani Tabata, ya pili dukani, ya tatu usiku. Ndani ya daladala sinywi kabisa. Nilijaribu Jumatano, foleni ikakaa Buguruni karibu saa nzima, na yaliyofuata sitaki kuyaandika.

Wiki ya 8

Jumamosi alfajiri nilikwenda Feri. Nikanunua changu wawili wa wastani na vibua vya familia. Changu nikampika mchuzi mwepesi wa nyanya na ndimu, nikamchambua miba kwa vidole, nikaweka kwenye mizani ya jikoni: gramu 60 za mnofu, protini kama 13. Ameshuka vizuri, hana shida. Tangu siku hiyo ndiye chakula changu cha mchana.

Kuku hakuwa na adabu hiyo. Jumanne nilichukua kidari kilichokaa tangu jana yake, kikavu, nikakitafuna huku nasikiliza simu. Kutafuna na kuongea haviendi pamoja tena. Tonge la tatu likakwama. Hautapiki kama zamani. Mate mazito yanapanda kama povu la sabuni, unakaa umeinama juu ya sinki unasubiri, robo saa nzima. Mteja ananiuliza bei ya vitenge, mimi namnyooshea kidole bila kugeuka.

Kuku sasa ni wa kuchemsha, amechambuliwa nyuzi nyuzi, na lazima alowe supu. Simu naiacha mezani kwa mwenzangu.

Wastani wa wiki: 49.

Wiki ya 9

Wiki ya dagaa. Hii naiandika kwa kirefu kwa sababu ndiyo iliyonitoa.

Wazo lilikuja nikiwa napanga hesabu usiku. Kama nafasi ni ndogo, basi niingize kitu kilichojikaza. Dagaa wakavu zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, na mifupa yao ina kalsiamu. Tatizo, dagaa mzima mzima ananichoma koo. Nikasema nitamsaga.

Nikanunua nusu kilo ya dagaa wa Mwanza. Nikakaa kibarazani na ungo, nikatoa vichwa na matumbo mmoja mmoja, maana ukiacha tumbo unga unakuwa mchungu na una mchanga. Saa mbili kasoro, na paka wa jirani amenikalia mbele kama mkaguzi. Nikawaosha kwa maji ya moto, nikawaanika siku nzima, nikawakaanga bila mafuta mpaka wakawa wanavunjika ukiwagusa.

Nikawapeleka mashine ya kusaga ya mtaani. Kijana wa mashine akafungua mfuko, akanusa, akaufunga.

"Mama, nikikusagia hawa, wiki nzima wateja wangu wanakula sembe yenye dagaa."

Ana haki. Nikarudi nyumbani nikatumia blenda, kidogo kidogo, kitambaa juu ya kifuniko. Jikoni kulinuka siku tatu. Nuru, ana miaka kumi na moja, alihamishia madaftari yake chumbani.

Lakini ona: kijiko kimoja cha chakula kwenye mizani yangu ni gramu 8, na ndani yake protini si chini ya 4. Viwili juu ya yai asubuhi, viwili kwenye mchuzi wa maharage usiku, hiyo ni 16 bila kuongeza ujazo wa maana. Mtindi nao nikauchanganya vijiko viwili vya maziwa ya unga yasiyo na mafuta. Glasi ndogo imepanda kutoka 6 hadi kama 11.

Alhamisi: 66. Nililizungushia duara mara mbili kwa kalamu nyekundu.

Wiki ya 10

Hakuna jipya. Wastani 62.

Wiki ya 11

Msusi ndiye aliyeona. "Dada, mbona zinabaki mkononi?" Nywele zinatoka. Nilishaambiwa kwamba karibu miezi mitatu baada ya upasuaji itatokea, mwili ukishapata mshtuko wa upasuaji na kupungua kwa kasi, na kwamba kwa kawaida hurudi. Kuambiwa ni kitu kimoja, kuona fungu lako limelala juu ya kanga ni kingine. Nimefunga kilemba, nimelipa, nimeondoka.

Nikalifungua daftari upande wa vidonge na nikajiona. Madini ya chuma nilikuwa namezea chai ya rangi, na chai inazuia chuma kuingia mwilini. Kalsiamu nayo nilikuwa nameza papo hapo, wakati vinatakiwa vipishane saa mbili. Nimepanga upya: chuma saa kumi na mbili asubuhi kwa maji, multivitamini na B12 saa nne, kalsiamu mara tatu kuanzia mchana, kwa kuwa dozi kubwa ya mkupuo mmoja mwili haunyonyi yote. Kalsiamu yenyewe nimeandikiwa sitreti, ambayo haihitaji asidi nyingi ya tumbo. Maduka mawili ya dawa yalinipa kaboneti na kusema ni ile ile. Soma kopo.

Wiki ya 12

Ramadhani imeingia. Daktari kanikataza kufunga mwaka huu, nitalipa nikiruhusiwa. Sikudhani kutofunga kungeniuma hivi. Mchana najificha stoo na kikombe changu kama mwizi.

Jumapili futari ilikuwa kwa mama mkwe, Temeke. Magimbi, tambi, na kaimati zinang'aa shira.

"Mama Nuru, hata moja? Nimezikaanga nikikufikiria wewe."

Nilikula mbili. Haikupita nusu saa jasho likanitoka mpaka mgongoni, moyo unakimbia, mikono inatetemeka. Sukari inateremka haraka mno kwenye utumbo mwembamba, inavuta maji huko, na mwili unachanganyikiwa. Wenye upasuaji huu wanaiita dampingi. Nikalala mkekani, mama mkwe ananipepea kwa kipepeo cha jiko la mkaa, anajilaumu, na wifi yangu anasema "si nilisema."

Kesho yake akanipigia. Salamu, kisha: "Kunde zina gramu ngapi?" Nikamwambia nusu kikombe, kama 6. Kimya kidogo. "Basi Jumapili nakupikia kunde, na nazi naweka kidogo."

Wiki ya 13

64, 67, 61, 65, 66, 58, 65. Ile 58 ni foleni ya mvua, mtindi uliniharibikia kwenye mkoba.

Kipimo cha damu ni Jumanne: chuma, B12, vitamini D.

Kopo la unga wa dagaa nililojaza wiki iliyopita nimelikuta robo. Mimi sijala kiasi hicho. Baba Nuru anaunyunyizia kwenye ugali usiku na hasemi. Jumamosi nanunua kilo nzima, na safari hii kuchambua vichwa ni zamu yake.