Mapaja ya Paul Elvstrøm

Wanaomsimulia Paul Elvstrøm huanza na medali: dhahabu ya Olimpiki ya mashua za tanga mwaka 1948, 1952, 1956 na 1960, bila kuruka hata moja. Ni kweli, ila kijana wa Goma anayetaka kuendesha mashua ya tanga hapa Kivu atajifunza zaidi kwenye mapaja ya huyo Mdenmark.

Kule Torquay, 1948, aliiacha mbio ya kwanza kabla ya kuimaliza. Mbio zilikuwa saba. Alishinda mbili za mwisho, na pointi zikamtosha. Dhahabu tatu zilizofuata alizichukua kwa Finn, mashua ya mtu mmoja, urefu wake mita 4.5, tanga lake kama mita 10 za mraba. Upepo ukikaza, kinachoizuia isilale ni mwili wa mwendeshaji tu: miguu inashikwa na mkanda sakafuni, kiwiliwili kinaning'inia nje juu ya maji. Ukichoka unarudi ndani, au unalegeza tanga. Vyovyote vile, unapitwa. Elvstrøm alijitengenezea benchi akawa anajining'iniza nchi kavu.

Benchi hilo hata seremala wa Birere, mtaa wa hapa Goma, atalitengeneza. Kimo sentimita 45 kinatosha. Chini, mbele yake, funga mkanda wa usalama wa gari ulioisha kazi. Ukingo wa ubao uwe katikati ya paja, nao uviringishwe, la sivyo utazuia damu isipite na miguu itakufa ganzi. Egemea nyuma dakika moja, pumzika moja, mara tano. Vidole vya miguu vitazame juu. Vikielekea nje, goti linavutwa upande na maumivu hayakawii. Kosa jingine ni kuzuia pumzi. Kiuno kikianza kushuka, simama. Ukiendelea utaumiza mgongo bure.

(Ziwa letu liko mita 1,460 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, kwa hiyo upepo wa kasi ileile unasukuma tanga pungufu ya karibu sehemu moja kwa nane. Ukiweza kuizuia mashua hapa, usijisifu mapema.)

Nguvu hizo zilimfikisha Olimpiki nane. Mwaka 1966 na 1967 alikuwa bingwa wa dunia wa mashua za aina ya Star, na 1984, pamoja na binti yake Trine, alikuwa wa nne kwa Tornado, mashua ya matumbo mawili.

Kuna pia kifaa chake cha kunyonya maji. Lita 30 sakafuni ni kilo 30, tena zinakimbilia upande ulioinama, yaani upande mbaya. Kifaa ni kijisanduku cha chuma kinachopita sakafuni. Unakishusha kidogo chini ya mashua, mdomo ukitazama nyuma, na maji yanayopita kwa kasi yanayavuta ya ndani. Ukipunguza mwendo, kifunge haraka, maana ziwa litaingia kwa njia hiyohiyo. Ufukweni kwetu vijiwe vya lava ndivyo adui: kimoja kikibana kifuniko, hakifungi tena. Isukume mashua mpaka ielee, ndipo ukishushe, na kila jioni kagua mpira wake.

Pirogi ya makasia haina mwendo wa kuvuta maji hivyo. Humo endelea kuchota kwa bido (dumu) lililokatwa.