Jumamosi moja na Land Rover uani

Saa 12 na robo asubuhi. Jua la Dar likishapanda, bodi ya gari haishikiki, kwa hiyo kazi za chini huzianza mapema. Gari lenyewe ni Land Rover Series III, ile fupi ya inchi 88, limesimama kwenye stendi nne uani kwetu Tabata. Jeki ni ya kunyanyulia tu, na anayeingia chini ya gari lililoegeshwa juu ya matofali ana moyo ambao mimi sina. Tofali halitoi taarifa kabla ya kupasuka.

Nati nilizimwagia mafuta ya kulegeza kutu jana usiku. Hapa ndipo gari la Mwingereza linapokusumbua: nati zake ni za inchi, na spana zilizojaa mtaani ni za milimita, za Toyota. Spana 13 kwenye nati ya nusu inchi inaingia, lakini nusu inchi ni milimita 12.7. Hicho kinachobaki, pumzi tu, kinatosha kula pembe za nati, na nati ikishakuwa duara unabaki na tindo na nyundo. Spana 11 nayo haiingii kabisa kwenye nati ya 7/16.

Saa 3. Gerezani, mtaa wa vifaa hapa Dar. Muuza vifaa ananisogezea sanduku linalong'aa. "Dada, chukua seti nzima, kila kitu kimo humu." Kila kitu, isipokuwa ninachohitaji. Nimekuja na bolti yangu ya nusu inchi mfukoni, nazijaribu spana za mtumba moja moja. Isiyocheza naiweka pembeni, iliyopanuka mdomo narudisha. Soketi nachagua za pembe sita, kwa sababu zinabana ubapa wa nati. Zile za pembe kumi na mbili hushika kwenye kona, na kona za nati kuukuu zimeshalika. Naondoka na spana ringi tatu, soketi tatu na jiliwa nzito ya mtumba. Mashine ya mig, ile ya kuchomelea kwa waya, sinunui. Kifaa nitakachokitumia kila wiki nanunua kizuri. Cha kutumia mara chache nakodi pamoja na mwenye nacho, maana ujuzi wake unakuja humo humo.

Saa 5. Grinda. Nakata sakafu iliyooza upande wa dereva. Watu husema Land Rover haishiki kutu kwa kuwa bodi ni ya alumini. Ni kweli nusu tu: chesisi ni chuma, na ukuta ule wa kati ya injini na abiria ni chuma pia. Tena pale alumini inapogusana na chuma, kwa unyevu wa chumvi wa pwani hii, alumini yenyewe hugeuka unga mweupe.

Saa 7 fundi anafika na mashine yake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti. Betri umefungua?"

Nimefungua. Tangi la petroli, ambalo kwenye gari hili hukaa chini ya kiti cha mbele, tulishalitoa na liko mbali kabisa. Tangi tupu lina mvuke, na mvuke ndio unaolipuka.

Gari hanipi. Ananipa vipande vya bati la geji 18, milimita 1.2 hivi, unene ule ule tutakaouchomea. Saa nzima nachoma vipande. "Usiangalie moto, sikiliza," ananiambia. Waya na umeme vikiwiana, mashine inalia mfululizo kama samaki kikaangoni. Ikikohoa-kohoa, waya unakwenda kasi kupita umeme. Halafu ananionyesha kwa nini bati jembamba halichomwi kwa mstari mmoja: nukta hapa, nukta ng'ambo, urudi katikati, usubiri lipoe. Ukikimbilia kumaliza, bati linajikunja na halinyooki tena. Yangu ya kwanza yana matundu ya kupitisha kidole. Ya mwisho anayageuza, anaangalia kwa nyuma kama moto umepenya, ananirudishia bila neno. Kwa mzee huyu hiyo ni sifa.

Sakafu anachomea mwenyewe. Mimi nashikilia bati, nimevaa kofia ya kioo cheusi, na yeye nimemkatalia kuchomea kwa miwani ya jua.

Saa 10 ni kusaga mishono, kufuta mafuta, na kupaka praima ya zinki siku hiyo hiyo, kwani chuma kitupu hapa kinaanza wekundu kabla ya asubuhi. Puti hatujaigusa. Puti ni ya kusawazisha kijibonde; kuzibia tundu ni kumwekea kutu nyumba.

Saa 11 na nusu. Bolti kwenye makopo, kila kopo na jina la zilikotoka, spana zimefutwa kwa kitambaa chenye oili. Mzee anakunja nyaya zake na kunipa masharti: wiki hii nikitoka kazini nipite karakana kwake nichome vipande, Jumamosi ijayo atavibana kwenye jiliwa yangu na kuvikunja kwa nyundo. Kikikatika kwenye mshono, upande wa abiria anachomea yeye, na nalipa siku nzima.