Rangi za udongo: njano imegeuka nyekundu

Jumamosi
Nimeanza na udongo wa aina tatu, mwekundu, wa manjano na mweupe, wote nimeuchimba mwenyewe ukingoni mwa korongo. Nataka kuchora picha ya korongo hilohilo bila tone la rangi ya kiwandani. Nimeuanika, nikauponda, nikachambua mizizi na mawe.

Jumapili
Leo kuosha, na hapa ndipo kazi ilipo. Udongo ndani ya ndoo, maji tele, koroga kwa nguvu, subiri kidogo. Mchanga hutangulia kuzama. Kabla tope halijatulia nalimimina kwenye ndoo ya pili kupitia kitambaa, kisha naliacha lilale usiku kucha. Asubuhi maji ya juu yametakata, chini kuna utelezi mzito. Nimerudia mara tatu, mpaka ukilisugua kati ya vidole husikii chembe. Jaribio langu la mwanzo niliiruka hatua hii, brashi ikawa inaparuza karatasi.

Jumatano
Sikulala vizuri kwa furaha. Niliweka unga wa manjano kwenye bati kuukuu juu ya makaa. Ulianza kubadilika pembeni: kahawia, kisha rangi ya kutu, kisha wekundu wa tofali. Njano ile ni madini ya chuma yaliyofungamana na maji. Joto likipita nyuzi 250 hivi, maji yanatoka na kinachobaki ni hematiti, ileile inayoupa udongo mwekundu rangi yake. Haurudi tena kuwa njano. Nilikuwa nikichota kijiko kila baada ya dakika chache, na sasa nina vikopo vitano kutoka udongo mmoja.

Ijumaa
Gundi. Nimeloweka utomvu wa mgunga katika maji ya moto, sehemu moja kwa mbili, nikauchuja. Mchanganyiko wa kwanza ulikauka unang'aa, ukapasuka na kubanduka kama magamba. Nikapunguza gundi, rangi ikabaki kidoleni kila nilipoigusa. Wa tatu nimeongeza asali kidogo sana, inalainisha. Huo umeshika. Sasa kila kikopo nakijaribu peke yake, maana kila udongo unakunywa gundi kwa kiasi chake.

Nimechanganyia kwenye kombe la baharini, kwa makusudi. Katika pango la Blombos, Afrika Kusini, yalipatikana makombe mawili yaliyotumika kuchanganyia ngeu, yaani udongo mwekundu wa rangi, miaka 100,000 hivi iliyopita, pamoja na mkaa na mfupa uliopondwa. Nikisaga naliwaza hilo, na mkono unatulia.

Jumapili tena
Picha imeanza. Unga wa mkaa ulinisumbua: unaelea juu ya maji, haukubali kuchanganyika mpaka niutilie tone la spiriti. Udongo nao ukikauka hupauka, kwa hiyo napaka mwanzo kwenye kipande cha pembeni, nasubiri, ndipo nahamia kwenye picha. Kuta za korongo zimetoka zilivyo.

Shida ilikuwa anga, kwani sina udongo wa buluu. Nimechanganya mkaa kidogo na udongo mweupe nikapata kijivu, nikakipaka juu ya ukingo mwekundu. Kikoponi ni kijivu tu. Kando ya ule wekundu, jicho linakiona buluu.